Nyundo ya Bwana Miti
Sehemu ya kumi na moja

Kifuniko cha sanduku la chuma kilifunguka, na ninyi mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua tuliishia hapo hapo: Bwana Miti amepiga magoti kwenye sakafu ya ofisi yake, Mkaguzi kutoka makao makuu amesimama nyuma ya kisogo chake. Ndani ya sanduku mlikuwa na kitambaa cha kaki kimefungwa vizuri, kama kilivyofungwa siku zote. Bwana Miti akashusha pumzi.

Akakifungua kitambaa.

"Hicho ni nini?" aliuliza Mkaguzi.

"Nyundo."

"Nyundo naiona. Ya nini?"

Ilikuwa nyundo ya kupigilia misumari, mpini wake umeviringishwa mpira wa ndani wa baiskeli. Aliuviringisha yeye mwenyewe, Jumapili moja alipokuwa anatengeneza banda la kuku nyumbani kwake. Uzito wake ulikuwa uleule wa nyundo aliyokabidhiwa na serikali. Ndiyo maana wiki nzima alikuwa akiliinua sanduku, analitikisa kidogo, anasikia kitu kinagonga ndani, anaridhika na kwenda kunywa chai.

Kama leo ndiyo kwanza unaketi nasi, nikuambie kwa nini mtu mzima anatoka jasho kwa ajili ya nyundo. Kila ofisa wa misitu ana nyundo yake, na kwenye uso wa nyundo hiyo kuna herufi na namba zilizochomoza. Mti wa hifadhi hauangushwi mpaka ofisa aufuate mwenyewe, abandue gome pale shinani na juu kidogo, apige mara mbili mti ukiwa bado umesimama. Alama moja inabaki na kisiki, ya pili inaondoka na gogo. Mti uliopigwa ni halali. Usiopigwa ni wizi. Kwa hiyo mwenye nyundo ndiye mwenye msitu, na nyundo ikipotea, aliyekabidhiwa analala jela. Samahani haisaidii.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye viatu vya mpira na sauti ya mtu asiyependa kurudia.

"Jana kizuizini tumesimamisha malori," alisema. "Magogo ya mbao ngumu kutoka msitu wa juu. Kila gogo lina namba yako."

"Siyo mimi niliyepiga."

"Namba ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi nyundo iko wapi?"

Hapo Bwana Miti akadanganya. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na uongo wake ulitoka umepinda. "Iko nyumbani. Niliipeleka nikaitie mpini mpya."

"Sheria inasema isilale nje ya sanduku."

"Najua. Hapo nimekosea."

"Kosa hilo ni la barua ya onyo," alisema Mkaguzi. "Lile jingine ni la jela. Mimi napitia kituo cha polisi kumchukua koplo, kisha napanda msituni. Ikifika saa sita nikukute huko, unionyeshe nyundo. Ukija mikono mitupu, koplo anazo pingu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Simama basi. Unachafua suruali ya serikali."

Ufunguo wa lile sanduku Bwana Miti aliuvaa shingoni. Alilala nao, alikula nao, hata alipougua malaria aliugua nao. Aliuvua wakati mmoja tu, akiwa anaoga. Na duniani alikuwepo mtu mmoja aliyejua ile nyundo ya banda la kuku inakaa wapi, na aliyekuwa akimshikia taulo.

Alipanda pikipiki ya ofisi, akaenda kumtafuta mkewe.

* * *

Hakumkuta nyumbani. Alikuwa huko chini makazini, kwa mama yake.

Makazi yenyewe yalikuwa yamebaki jina. Kila ukuta ulikuwa na alama nyekundu ya kubomolewa, na pembeni tingatinga lilikuwa limeegeshwa, linangoja. Watu walikwisha kuondoka, wameng'oa mabati, wameng'oa milango na fremu zake, hata sinki la mtu mmoja lilikuwa limeng'olewa likaacha mabomba yanatazama juu. Nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa na paa, na hiyo ndiyo aliyoiendea.

Wapimaji wa barabara mpya walichora mistari miwili. Wa juu unapita msituni, wa chini unapita makazini. Watu wa mazingira wakaufuta wa juu, maana kule kuna miti ya hifadhi imesimama. Ukabaki wa chini. Na aliyetumwa kupeleka notisi za kuhama nyumba kwa nyumba, kwa sababu alikuwa mtumishi wa serikali na alikuwa na pikipiki, alikuwa Bwana Miti.

"Hodi."

"Pita, mlinzi wa kuni," sauti ya mama mkwe ilijibu.

Mama mkwe alikuwa kitandani. Alivunjika nyonga tangu mvua zilizopita na mfupa ulikataa kuunga, kwa hiyo kitanda kilikuwa ndiyo sebule yake, jiko lake na baraza lake. Mguuni pake aliketi binti yake, mke wa Bwana Miti, anamkata kucha za miguu kwa mkasi mdogo.

"Nyundo iko wapi?" alisema Bwana Miti.

Mkewe hakuinua kichwa. "Msalimie mama kwanza."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia nyundo imepotea. Pole sana."

"Nani amekwambia imepotea, mama? Mimi nimeuliza iko wapi."

Mama mkwe akacheka mpaka kitanda kikalia. "Huyu leo ana akili," alimwambia binti yake. "Mjibu basi."

Mkewe alihamia kidole cha pili. "Anayo Kisiki."

Kisiki alikuwa mkandarasi wa barabara. Jina hilo alipewa na vibarua wake, kwa kuwa alikuwa mfupi na mpana, na mtu akishajikwaa kwake haamki haraka.

"Umempa Kisiki nyundo yangu?"

"Nimempa. Ulikuwa unaoga. Wewe ukiingia bafuni unaoga kama bi harusi, mtu anaweza kwenda sokoni na kurudi akakukuta unajisugua kisigino."

"Unajua kwamba nitafungwa?"

"Kisiki amesema hufungwi. Amesema msitu ukishakuwa haupo, hakuna tena cha kuhifadhi. Mstari unahamia juu, nyumba ya mama inabaki. Kila mtu anabaki na chake."

"Na mimi nabaki na nini?"

Mkewe alifikiri kidogo. Alifikiri kweli, si kwa kejeli. "Wewe utapata kazi nyingine," alisema.

"Usimtolee macho mwenzio," alidakia mama mkwe. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimuuliza, mwanangu, wewe umeolewa na mtu au umeolewa na mti? Akasema hajui. Nikamwambia basi kachukue hiyo nyundo tujue."

"Mama, kazi hii ndiyo imewalisha."

"Imetulisha barua. Si ulikuja hapa na karatasi ya kunivunjia nyumba? Ukasimama hapo hapo uliposimama, ukanisomea kama mtu wa redio. Mwanzo mpaka mwisho, na tarehe. Hata kichwa hukuinamisha."

"Nilitumwa."

"Ndiyo. Tangu umuoe binti yangu sijaona siku ambayo hujatumwa."

Bwana Miti alitaka kusema kwamba barua ile hakuiandika yeye. Alitaka kusema kwamba alisoma haraka ili amalize, na kwamba usiku wake hakula. Lakini mtu akishachekwa na mama mkwe wake mbele ya mkewe, maneno kama hayo hayapiti kooni. Akageuka kutoka.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mkewe.

"Kwa Kisiki. Saa sita nisipokuwa nayo, wananipeleka ndani."

"Ningoje. Nakuja na mimi. Wewe ukienda peke yako utafanya ujinga."

"Mwache atangulie," alisema mama mkwe. "Malizia kidole hiki."

* * *

Msitu wa juu haukuwepo.

Bwana Miti alizima pikipiki, akabaki ameshika usukani, maana alidhani amepotea njia. Pale ambapo mtu alikuwa akiingia mchana akahitaji muda macho yazoee giza, sasa jua lilikuwa linapiga ardhi. Visiki vilikuwa vyeupe, vibichi, vimeenea mpaka ukingoni mwa kilima. Magogo yamelala kama watu waliolewa. Misumeno ya mnyororo ilikuwa imenyamaza, na vibarua wamekaa kwenye kivuli cha lori, kwa sababu kivuli kingine hakikuwepo.

Na kulikuwa na mlio mmoja. Ko. Ko. Kimya kidogo. Ko. Ko.

Kibarua mmoja alikuwa anapita kisiki kwa kisiki na nyundo ya Bwana Miti, anagonga kama mtu anayepiga mihuri posta.

Kisiki alikuwa ameketi juu ya jina lake, anakula ndizi.

"Karibu bosi," alisema. "Nilikuwa nawaambia vijana hapa, huyu bwana mbona anachelewa hivi?"

"Nipe nyundo yangu."

Nilijua mngetegemea ugomvi hapa. Hata Bwana Miti aliutegemea. Njiani kote alikuwa amekunja ngumi, amepanga maneno, amepanga na kofi la kuanzia. Lakini Kisiki alipiga mluzi tu, akamwambia yule kibarua, "Mpe mwenyewe mali yake."

Kibarua akaja akamwekea nyundo mkononi. Ilikuwa bado na joto la kiganja cha mtu mwingine.

"Hivi hivi tu?" aliuliza Bwana Miti.

"Ulitaka nikufungie na utepe? Kazi imekwisha, kaka. Mimi si mtu wa kukaa na vitu vya watu."

Bwana Miti alipoanza kuelewa, gari la Mkaguzi lilikuwa limeshamaliza mlima, na la polisi nyuma yake. Mkaguzi alishuka na viatu vyake vya mpira. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama visiki mpaka mwisho wa upeo. Halafu akamtazama ofisa wake, amesimama katikati ya uwanja huo na nyundo mkononi.

"Nilikuambia nikukute nayo," alisema. "Sikukuambia nikukute unaifanyia kazi."

"Nimemnyang'anya sasa hivi, mheshimiwa. Huyu kibarua ndiye aliyekuwa anapiga."

Mkaguzi alimgeukia kibarua. "Nani alikuwa anapiga?"

Kibarua alitazama ganda la ndizi mkononi mwa Kisiki. Kisiki alikuwa analikunja taratibu, kama mtu anayekunja leso.

"Yeye," alisema kibarua, akamnyooshea kidole Bwana Miti.

"Muongo mkubwa wewe."

"Mama," alisema Kisiki kwa upole, "mimi ni mtu wa kokoto na lami. Nikiletewa ofisa wa serikali na nyundo ya serikali, anapiga mwenyewe, ananiambia kata, mimi nikatae? Mimi nijue sheria kuliko yeye?"

Bwana Miti alipiga magoti kwa mara ya pili siku hiyo. Safari hii mbele ya kisiki.

"Mheshimiwa, njoo utazame. Mti ukipigwa ukiwa umesimama, utomvu unatoka unaifunika alama, unagandia hapo kama gundi. Pitisha kidole. Pakavu. Hapa na hapa, pakavu. Hizi zimepigwa mti umekwisha kulala. Mimi sijapiga hivi maisha yangu yote."

Mkaguzi aliinama akapitisha kidole. Akaenda kwenye kisiki cha pili. Akaenda cha tatu.

"Ni kweli," alisema. "Hii ni kazi ya mwizi."

Bwana Miti akaanza kuinuka.

"Au," Mkaguzi aliendelea, akijifuta kidole kwa leso, "ni kazi ya ofisa aliyekula na wezi, akasikia mkaguzi anakuja, akakimbia kuja kuhalalisha. Maana nyundo sikuikuta kwa mwizi. Nimeikuta kwako, na wewe asubuhi uliniambia iko nyumbani inatiwa mpini. Mpini wenyewe ni wa zamani."

Ule uongo wa asubuhi ulikuwa mdogo, nanyi mliuona. Sasa ulikuwa umekua umefikia ukubwa wa mlango wa jela. Bwana Miti akabaki na neno moja tu la kumwokoa, na neno hilo lilikuwa na jina la mkewe.

Akalisema.

"Mke wangu ndiye aliyeiiba. Ufunguo aliuchukua nikiwa naoga. Muulizeni, yuko njiani anakuja."

Koplo aliguna. Vibarua kivulini waliinua vichwa. Hata Kisiki aliacha kukunja ganda, kwa muda mfupi.

* * *

Mkewe alifika nyuma ya bodaboda. Mkaguzi na koplo walikuwa ukingoni wanapiga picha visiki, kwa hiyo aliyempokea kwanza alikuwa Kisiki, na Kisiki hakujisumbua hata kunong'ona.

"Pole kwa safari, dada. Mumeo amekutaja."

"Amenitaja vipi?"

"Amekuita mwizi mbele ya serikali. Sasa mambo ni mepesi. Mmoja wenu leo analala ndani. Ukienda wewe, nani atampa mama uji? Na mimi ahadi yangu nilimpa nani, yeye au wewe?"

Mwanamke alimtazama mumewe, aliyesimama hatua chache kutoka hapo akisikia kila kitu.

"Ni kweli umenitaja?"

"Nimesema ukweli," alisema Bwana Miti. "Na wewe useme ukweli. Tutatafuta wakili. Kosa lako si kubwa kama langu, wewe hukukabidhiwa."

"Umenitaja kabla hata sijafika."

"Ningefanya nini?"

"Hakuna," alisema mkewe. "Sawa."

Mkaguzi alirudi. "Mama, mumeo anasema wewe ndiye uliyeitoa nyundo ya serikali ukampa mkandarasi. Ni kweli?"

Mkewe alijifunga mtandio vizuri. Alikuwa mwanamke asiyesema jambo kichwa kikiwa wazi.

"Nyundo ninayoijua mimi ni ya banda la kuku," alisema. "Hiyo nyingine aliwapa mwenyewe."

"Niangalie usoni useme," Bwana Miti alimwambia.

Akamwangalia. "Uliwapa mwenyewe."

Pingu zilikuwa baridi pale ambapo kila kitu kingine kilikuwa kinaungua kwa jua. Koplo alizibana jino moja zaidi ya ilivyohitajika, si kwa chuki, ndiyo mazoea yake tu. Wakamwingiza nyuma ya gari la polisi, kwenye kile kibanda cha nondo na wavu.

Dirisha la upande lilikuwa wazi. Mkaguzi alikuja akaegemea hapo na kuwasha simu yake.

"Mkeo amenirahisishia kazi," alisema.

"Amesema uongo."

"Inawezekana. Lakini sasa kuna kesi, na kukiwa na kesi, eneo linafungwa kama lilivyo. Visiki na magogo yote ni ushahidi. Hata panga haliingii hapa mpaka hakimu aseme. Na barabara haipiti juu ya ushahidi."

Bwana Miti aliinua macho. "Kwa hiyo inapita wapi?"

"Chini. Si ndiko ilikokuwa ipite?"

"Lini?"

"Mitambo iko makazini, ilikuwa inangoja neno langu tu kwamba huku juu hakupitiki. Nimeshalitoa. Watu walikwisha kuhama, notisi walipata." Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Uliwapelekea wewe. Nasikia ulizisoma vizuri."

Akaenda zake.

Bwana Miti alitazama kupitia wavu. Kule kwenye visiki mkewe alikuwa amesimama kando ya Kisiki. Kisiki alikuwa kwenye simu, anacheka na mtu, huku mkono wake wa pili unampigapiga yule mwanamke begani kama anavyopigwapigwa mtu aliyefaulu mtihani. Barabara ikipita juu, ilikuwa ya Kisiki. Ikipita chini, ilikuwa ya Kisiki. Magogo mazuri yalikwisha kuondoka na malori ya mwanzo, yale yasiyosimamishwa na mtu. Na mkewe alikuwa anatabasamu. Ndiyo, anatabasamu, kama mtu aliyelipia kitu ghali na anakwenda nacho nyumbani.

Ilikuwa rahisi sana kumwita. Dirisha liko wazi. Angesema tu, mke wangu, wamekucheza, kimbia kwa mama.

Mdomo wake ulifunguka. Akaufunga.

Gari likawaka.

* * *

Walishuka mlima. Koplo alikuwa anaendesha na kutafuna kijiti. Walipofika makazini vumbi lilikuwa limesimama hewani kama ukuta wa pili. Tingatinga lilikuwa limeanza kazi. Nyumba zilizokuwa za kwanza hazikuwa tena nyumba, zilikuwa marundo ya matofali na vipande vya plasta ya kijani na bluu, kila rangi ya chumba cha mtu.

Dereva wa tingatinga alisimama njiani akawapungia mkono. Alikuwa kijana mwenye miwani ya vumbi, amefunga kitambaa puani. Mtambo wake aliuacha unanguruma nyuma yake, umeelekea kwenye nyumba yenye paa.

"Afande, samahani," alisema, akipaza sauti kushinda mngurumo. "Hii moja bado ina mabati. Nimegonga, nimeita, kimya. Mlango una kufuli kwa nje. Naona kama hamna watu, lakini mimi sipendi kazi ya kukisia."

"Mimi nitajuaje?" alisema koplo. Kisha akakumbuka, akageuza kichwa nyuma. "Ala, si huyu hapa. Huyu ndiye mkwe wa nyumba hii. Muulize yeye."

Dereva alikuja kwenye wavu. Akainua miwani yake kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Kuna mtu mle ndani?"

Bwana Miti alilitazama lile kufuli. Mkewe kila akitoka alifunga kwa nje, kwa sababu mgonjwa hawezi kusimama, na makazi yaliyohamwa yamejaa vibaka wa mabati. Saa kama hii mama mkwe huwa amekwisha kumeza dawa zake. Akizimeza hulala chali, mdomo wazi, na hata ngoma ya kijiji kizima haiwezi kumwamsha.

Alisikia kicheko chake. Alikisikia wazi kuliko mtambo.

"Hamna mtu," alisema Bwana Miti.

"Una hakika, mzee?"

"Nyumba ya mama mkwe wangu. Nisijue?"

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Amehamia kwa binti yake."

Kijana aliridhika. Alikuwa kijana mzuri, mwenye adabu, na nawaomba msije mkamlaumu yeye. "Asante mzee," alisema. "Na pole kwa matatizo." Akakimbia kurudi kwenye mtambo, akapanda, akavuta kifimbo. Lile bapa kubwa la chuma mbele likainuka kutoka ardhini.

Koplo alitia gia, kisha akasita. Alikuwa anatazama kwenye kioo cha pembeni.

Kule juu sasa hakukuwa na mti hata mmoja wa kuzuia macho. Aliyesimama kwenye visiki aliweza kuona makazi yote, nyumba kwa nyumba, kama sahani mezani. Kwenye mteremko bodaboda ilikuwa inakuja kwa kasi ya kujiua. Nyuma ya dereva alikuwepo mwanamke, mtandio umempeperuka, kiatu kimoja hakipo, mikono yote miwili iko hewani anaipunga, na mdomo wake wazi kabisa. Neno alilokuwa analipiga kelele lilimezwa na tingatinga kabla halijafika popote.

"Yule si mkeo?" alisema koplo.

"Ndiye."

"Mbona anapunga mikono namna ile? Anasema nini?"

Bwana Miti alimtazama mkewe kupitia wavu wa nyuma. Alimtazama vizuri, kama mtu anayepima mti kabla ya kuupiga.

"Ananiaga," alisema.